Mumiani, bimkubwa na uniti yangu ya damu

Mwishoni mwa mwaka jana watu wa damu salama walikuja kufunga tenti karibu na dukani kwangu hapa Kirumba, Mwanza, wakaweka spika, wakapiga muziki mpaka wauza mitumba wakaanza kulalamika, na mi nikasema isiwe tabu, ngoja nikatoe, maana miezi mitatu ilishapita tangu nitoe mara ya mwisho. Mnaotoa mnajua utaratibu: kilo 50 kwenda juu, umri 18 mpaka 65, unatobolewa kidole wapime wingi wa damu, unalala, unafinya finya kile kimpira, mfuko unajaa mililita 450, ndo uniti moja hiyo, unapewa soda na biskuti unaondoka zako. Mpwa wangu ananisaidia kazi za stationery pale dukani, alikuwa kasimama mlangoni na simu yake, na niliporudi na pamba mkononi akaniambia, "Mjomba, unajua hizo damu kuna mabilionea Marekani wanatundikiwa ili wawe vijana?" Akanionyesha video. Jamaa mweupe kama karatasi ya A4, kalala kitandani, mrija mkononi, na mwanae pembeni.

Nikacheka. Halafu nikakumbuka mumiani.

Tuliokua miaka ya themanini tunaelewana hapa. Sisi wa Igogo jioni ikiingia mama anakuita mara moja tu, usipokuja anasema haya, baki, mumiani wanapita na gari. Hilo gari kila mtoto alikuwa na rangi yake, wengine walisema nyekundu, wengine walisema halina taa kabisa. Wanakubeba, wanakuning'iniza kichwa chini, wanakinga damu kwenye ndoo, wanaenda kuiuza kwa watu wenye hela. Wazee walituambia stori hizo walizikuta kwa wazazi wao, tangu wakoloni. Na aliyekuwa anatutisha nazo kuliko wote mtaani ni bimkubwa wangu mwenyewe, ambaye ndo sababu ya mimi kukaa usiku huu naandika badala ya kulala.

Bimkubwa kafanya biashara ya dagaa soko la Mwaloni karibu miaka thelathini. Waliomjua watakwambia, yule mama hakuwa na daftari. Alikuwa na wateja wa Kongo, wa Burundi, wa Rwanda, wengine wanachukua magunia kwa mkopo wanarudi baada ya mwezi mzima, na yote ipo kichwani, nani kachukua mangapi, kalipa nusu, kaahidi lini, na siku hiyo alivaa kitenge gani. Nikiwa sekondari nilimnunulia kaunta buku nikijiona msomi, akaniambia, "Baba, daftari linaloa. Kichwa hakiloi."

Kama miaka mitatu hivi iliyopita kikaanza kuloa.

Mwanzoni ni vitu vya kawaida tu, funguo, chumvi kwenye chai, kuniita jina la mjomba wangu ambaye alishafariki. Tukawa tunacheka wote, na yeye anacheka. Afu akaanza kuamka usiku. Anavaa khanga zake mbili, anafungua mlango, anashuka kuelekea ziwani, ukimfuata anakwambia giza limeingia, mitumbwi inarudi na dagaa alfajiri, wenzangu watanunua wote nikose. Kwa msiojua, dagaa wanavuliwa kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, giza likirudi ndo kazi. Sasa kilichonichanganya ni kwamba nilikuwa naangalia juu naona kweli, hamna mwezi. Jina langu limempotea lakini hesabu ya mwezi anayo!

Ingekuwa ni kusahau tu ningevumilia. Tatizo ni macho yake. Kabla ya dagaa alikuwa anabanika samaki kwa moshi, miaka mingi, na macho yamebaki mekundu. Mkazi wa Kanda ya Ziwa sihitaji kukueleza zaidi, bibi kizee mwenye macho mekundu anayetembea peke yake saa nane usiku akiongea maneno hayaeleweki. Tunajua vikongwe wangapi wamekatwa mapanga usukumani huku kwa sababu hiyo tu, moshi wa kuni na ugonjwa wa kusahau, mtu anaitwa mchawi. Siku moja jirani, mtu mzima na heshima zake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, mzuie mama yako usiku, watu wanaongea." Sikulala siku hiyo. Kesho yake nikaweka kufuli mlangoni kwake. Sijivunii hilo, nitalirudia mbele.

Tulimpeleka zahanati moja, aliyetupokea hata hakunyanyua kichwa, akasema ni uzee tu huo, akaandika vitamini. Nikaondoka. Miezi imepita, tukaenda sehemu nyingine, daktari kijana akamfunga ile mashine ya presha, ikasoma 190 kwa 110, akapima tena mkono wa pili, vile vile. Akaniuliza ana presha tangu lini. Nikasema hana presha. Bimkubwa akadakia, "Ninayo, tangu unaoa." Kumbe alishawahi kupewa dawa huko nyuma, anakunywa kichwa kikiuma, kikiacha anaziweka. Yule daktari hakugomba. Alisema kitu ambacho kimenikaa mpaka leo, kwamba tunaongelea ubongo kama vile upo peke yake kwenye boksi, wakati uzito wake ni kama kilo moja na nusu hivi lakini unachukua karibu moja ya tano ya oksijeni yote ya mwili, na hiyo inaletwa na damu, kwa hiyo chochote kinachotokea kwenye damu na mishipa miaka ishirini, ubongo unakisikia.

Basi nikaunganisha mambo mawili, ile video ya mpwa wangu na maneno ya daktari, nikanunua bando la usiku nikaanza kusoma. Na aise, ile stori ya damu za vijana sio uzushi wa mtandaoni, ina historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Inaanzia Ufaransa mwaka 1864, kuna bwana anaitwa Paul Bert alichukua panya wawili akawachuna ngozi ubavuni akawashona pamoja, wakapona wakiwa wameungana na damu ya huyu ikawa inazunguka kwa yule. Ukisikia hivyo unasema huyu kweli ni mumiani. Miaka ya hamsini huko chuo kikuu cha Cornell, Marekani, Clive McCay akarudia lakini yeye akaunganisha mzee na kijana, jozi 69, na 11 zilikufa kwa ugonjwa ambao hawakuuelewa, panya wengine wasipopatana mmoja anamtafuna mwenzie kichwa. Ila mifupa ya wale wazee ilionekana kukaribia ya vijana kwa uzito. Kisha kitu kikalala. Kikaamka 2005 pale chuo kikuu cha Stanford, kina Irina Conboy, Michael Conboy, Amy Wagers na Thomas Rando, wakaonyesha misuli na ini la panya mzee aliyeunganishwa na kijana vinajirekebisha vizuri zaidi.

Kwenye ubongo ndo nikakaa mkao. Mwaka 2011 Saul Villeda akiwa na Tony Wyss-Coray walitazama upande wa pili wa shilingi, upande ambao kwenye video za TikTok hausikii. Waliangalia panya kijana anapata nini akipokea damu ya mzee. Akaharibika. Seli mpya za ubongo zinazozaliwa kwenye hipokampasi, ile sehemu inayohusika na kumbukumbu, zikapungua. Wakatafuta kwenye damu ya wazee kuna nini kilichozidi, wakapata protini kadhaa, moja wanaiita CCL11, ambayo kabla ya hapo ilijulikana zaidi kwenye mambo ya aleji. Wakawachoma panya vijana hiyo peke yake na wakawa wazito kujifunza. Yaani kitu kiko kwenye damu tu, hakijatoka kwenye ubongo, na kinaupunguza.

2014 wakaja na kile kilichowapa umaarufu. Safari hii kwenye kupima kumbukumbu hawakushona mtu, walichukua plazima, yale maji ya njano yanayobaki ukitoa chembe za damu, ya panya wa miezi mitatu wakawachoma panya wazee mara kadhaa kwa wiki tatu. Wazee wakafanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya kumbukumbu, ya kutafuta njia ndani ya maji kwa mfano. Nilichokipenda mimi, walipoipasha moto ile plazima kwanza mpaka protini zikaharibika, haikusaidia kitu. Kwa hiyo sio nguvu ya ajabu, sio "roho ya ujana", ni protini, kama yai likishachemshwa halitoi kifaranga. 2017 wakatumia plazima ya damu ya kitovu cha mtoto mchanga wa binadamu kwa panya wazee, ikasaidia, wakashuku protini inaitwa TIMP2. 2023 timu mbalimbali zikaja na nyingine inayotolewa na zile chembe zinazogandisha damu. Yaani kila baada ya muda linakuja jina jipya, na mengine yanazua ubishi, kuna moja inaitwa GDF11 ilitangazwa kwa shangwe 2014, mwaka uliofuata wenzao wakasema hata vipimo vyenyewe vilikuwa vinachanganya.

Na wafanyabiashara hawakusubiri ubishi uishe. Ikafunguliwa kampuni Marekani, Ambrosia, inauza plazima ya watu wa miaka 16 mpaka 25, dola 8,000 kwa lita moja. Februari 2019 mamlaka yao ya dawa ikatoa onyo kwamba hakuna ushahidi wa faida na hatari zipo, jamaa wakasimamisha. Yule wa kwenye video ya mpwa wangu ni Bryan Johnson, tajiri wa mambo ya kompyuta, 2023 alijiwekea plazima ya mwanae wa miaka 17, na yeye akampa baba yake ya kwake, foleni ya vizazi vitatu kama wanapokezana mwiko wa ugali. Baadaye mwenyewe akasema kwake hakuona faida, akaacha. Watafiti nao walishajaribu kwa wagonjwa 18 wa alzaima, aina moja ya ugonjwa wa kusahau, plazima ya vijana, lengo lilikuwa kuona kama ni salama. Ilionekana salama. Akili haikubadilika.

Nikamwambia mpwa wangu, unaona, mumiani wa safari hii kaja na risiti na bado hajapata alichotaka. Akaniuliza sasa uniti yangu imeenda wapi. Imeenda kwa mama aliyetoka damu akijifungua, au mtoto wa malaria aliyeishiwa, au mtoto wa selimundu, na huku kwetu watoto wa selimundu ni wengi mno, nenda hospitali ya Bugando siku ya kliniki yao utaona. Hapo ndo damu ya kijana inamfanya mtu aishi kweli, kwa soda na biskuti.

Ila kitu kilichonigeuza kichwa mimi ni utafiti wa 2020. Wale wale kina Conboy walitoa nusu ya plazima ya panya mzee, wakajazia maji ya chumvi yaliyochanganywa na albumini, protini ya kawaida ya damu. Hamna damu ya kijana hata tone. Na wale wazee wakaonyesha nafuu nyingi, misuli, ini, mpaka seli mpya za ubongo. Nilisoma mara mbili nikihisi nimeelewa vibaya. Kwa sisi wa ziwani hiyo ni lugha tunayoielewa: gugumaji likijaa mwaloni huleti samaki wapya uwamwage pale juu ya gugu, unaanza kwa kulitoa gugu, samaki watakuja wenyewe. Miaka yote hiyo watu wanatafuta maji ya ujana, kumbe shida kubwa labda ni yale yaliyolundikana uzeeni.

Hapo swali likanijia, maana nilishasoma kwamba ubongo una ukuta, seli za mishipa ya kichwani zimebanana hasa, vitu vingi vya kwenye damu havipiti. Sasa hizo protini zinaingiaje? Jibu moja zuri ni kwamba nyingine haziingii. Zinaongea na ukuta wenyewe. 2019 Stanford walionyesha damu ya kizee inafanya kuta za mishipa ya ubongo ziote protini kama vishikizo vya kunasia chembe nyeupe, zinawasha uvimbe, na walipoviziba vile vishikizo panya wazee wakakumbuka vizuri zaidi japo damu ilibaki ile ile. Kwa hiyo mazungumzo ya damu na ubongo mengi yanafanyikia ukutani. Na ukuta huo huo ndo presha inaupiga, masaa 24, miaka ishirini ambayo mtu anakunywa dawa kichwa kikiuma. Sukari nayo hivyo hivyo.

Nilitamani yule wa vitamini asome hapa. Ripoti kubwa ya jarida la Lancet ya 2024 inaorodhesha mambo 14 ambayo yakidhibitiwa karibu nusu ya dimenshia, yaani magonjwa haya ya kusahau, duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa, na presha, sukari na lehemu mbaya yamo humo. Kuna utafiti wa Marekani wa watu zaidi ya 9,000, nusu walishushwa ile namba ya juu ya presha mpaka chini ya 120, nusu chini ya 140, na wale wa 120 wachache zaidi walipata matatizo ya kumbukumbu ya hatua za mwanzo. Kwa dimenshia kamili tofauti haikuwa ya uhakika. Naisema hiyo makusudi kwa sababu nilipoisoma nilikuwa nimeshaanza kujipa matumaini kwamba tukimshusha presha bimkubwa atarudi kama zamani. Dawa anakunywa kila siku sasa, mpwa wangu ndo msimamizi, presha inacheza kwenye 140. Jina langu bado linampotea.

Sasa lile kufuli.

Mwaka huo huo 2020 kina Villeda walichukua damu ya panya wazee waliokuwa wanakimbia kwenye gurudumu, wakawapa wazee wavivu ambao hawajakimbia hata hatua. Wavivu wakanufaika kichwani kwa jasho la mwenzao. Walipofuatilia wakakuta ini likichangamshwa na mazoezi linatoa kimeng'enya kinaitwa GPLD1, na chenyewe hakiingii ubongoni kwa kiasi cha maana, kinafanya kazi yake huko nje kwenye damu. Wakapima na wazee wa kibinadamu, wale waliokuwa wanatembea zaidi ya hatua 7,100 kwa siku walikuwa nacho kingi kuliko wanaokaa. Hatua 7,100. Bimkubwa alikuwa anatoka Igogo kwa miguu mpaka Mwaloni alfajiri, anazunguka chanja zote, anapanda anashuka na beseni, jioni anarudi kwa miguu kwa sababu nauli ni hela. Hatua zake za siku sijui ungezihesabu na nini. Na mimi mwanae kwa kuogopa mapanga na kuogopa ziwa nilimfungia ndani, kutoka kitandani mpaka kwenye kochi, hatua ishirini, akiwa na ubongo ambao maisha yote ulizoea damu ya mtu anayetembea.

Simaanishi kwamba angetembea asingesahau. Wanaotembea wanasahau pia. Nasema tu nilichofanya.

Kufuli la usiku bado lipo, hilo sijapata mbadala, ila mpwa wangu analala chumba cha pili na akigonga anafunguliwa. Kwa wale majirani nilifanya kitu kimoja, niliwaita wachache nyumbani, wazee na mwenyekiti wa mtaa, tukanywa chai, nikawaeleza kwamba huu ni ugonjwa, mishipa ya kichwani, presha, hii hapa kadi yake ya kliniki. Yule aliyeninong'oneza akaishika ile kadi muda mrefu. Afu akauliza na yeye anaweza kupimwa wapi.

Asubuhi natoka naye kabla sijafungua duka. Tunaenda polepole mpaka Mwaloni, ananishika mkono wa kushoto, njia nzima anasalimia watu ambao mi siwajui, na nusu yao wanamjua kweli. Jumatano iliyopita tulifika wakati dagaa wameshaanikwa, akaachia mkono wangu, akainama, akachota wachache kiganjani, akawanusa, akavunja mmoja akaangalia katikati.

"Hawa wa juzi," akamwambia muuzaji, binti mdogo tu. "Mvua iliwapata. Debe nakupa elfu mbili."

"Bibi, elfu mbili ya lini tena hiyo?" binti akacheka. "Ila ni kweli, mvua iliwapata. Nani kakwambia?"

Bimkubwa akajifunga khanga vizuri kiunoni.

"Pima," akasema.